Kikapu cha Mkwe na Wito wa Jeshi

Shemeji yangu hana sauti ya kuongea. Ana sauti ya kusimamisha magari. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mwalimu Breki. Kazi yake ni kufundisha udereva, na ana gari dogo jeupe lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa na mlango mmoja unaofunguka kwa kubembelezwa. Mwanafunzi akichelewa kusimama, Shemeji hupiga ukelele mmoja tu, "Breki!", na hapo hasimami mwanafunzi peke yake. Husimama wapita njia, husimama wenye baiskeli, na siku moja alisimama fundi rangi juu ya ngazi, brashi hewani, akauliza amekosa nini. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina haki zote za shemeji: kumtania, kula kwake bila kualikwa, na kusimulia habari zake bila kumwomba ruhusa.

Wanafunzi wake wote Shemeji huwapa kanuni moja kabla hata hawajashika usukani: "Bati hununuliwa, mtu hanunuliwi." Yaani ukikosa njia, gonga ukuta, gonga mti, gonga lango la baba yako, lakini mtu usimguse. Wengi wao wamesahau alivyowafundisha kurudi nyuma, ila kanuni hiyo hawajaisahau.

Sasa, huyo mtu mwenye sauti ya honi ya lori, mbele ya mama yangu anageuka kuwa mtu mwingine kabisa. Mama ni mkwe wake, na Shemeji alilelewa vizuri mno, karibu vibaya. Mama akiingia, yeye anasimama. Mama akipiga chafya, yeye anaomba radhi. Yeye na dada yangu wanakaa nyumba ya uani, ndani ya ua wa Mama, na miaka yote hiyo hajawahi kumwambia Mama neno lenye mkato. Hata siku pazia la jikoni liliposhika moto, alianza kwa kumwuliza ameamkaje.

Baba yetu alipofariki aliacha gari lake uani, limefunikwa turubai. Mama alikaa nalo muda mrefu, akilifuta vumbi na kulifunika tena, kisha asubuhi moja akasema, "Baba, nataka kuendesha." Huyo "baba" ni Shemeji, ndivyo Mama anavyomwita mkwewe. Dada yangu alicheka hadi akakaa chini. Shemeji hakucheka. Angemkatalia kwa mdomo gani?

Gari la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine miguuni pa mwalimu. Hiyo ya pili ndiyo roho ya kazi yenyewe. Lakini Mama haendi popote bila kikapu chake, kikubwa, cha kusukwa, chenye mfuniko. Siku ya kwanza aliingia, akatazama pa kukiweka, akasema, "Baba, nishikie hapo miguuni." Kikakaa juu ya breki ya mwalimu. Na Shemeji, aliyewahi kumfukuza mwanafunzi kwa kuweka chupa ya maji pale pale, akasema, "Asante, Mama."

Asante! Nilipokuja kuambiwa hilo nilitamani kumpiga kwa kikapu hicho hicho.

Siku ya balaa walikuwa wanateremka kuelekea njia panda iliyo mbele ya kambi ya jeshi. Kwenye barabara kubwa lilikuwa linakuja lori la jeshi, lenye haki zote za kupita, limebeba vyombo vya bendi. Kesho yake jenerali alikuwa anakuja kukagua kambi na ilikuwa lazima apokewe kwa muziki. Dereva wa lori alikuwa koplo kijana ambaye, kabla hajaingia jeshini, alifundishwa udereva na nani kama si Shemeji mwenyewe. Pale njia panda Mama alitakiwa kusimama. Mama hakuwa na habari hizo. Shemeji aliliona lori mapema, akajaza kifua, akafungua mdomo, akakumbuka ni nani aliyeshika usukani.

"Mama," akasema, "samahani, sina maana ya kukuharakisha, na leo unaendesha vizuri sana, lakini kama miguu haijachoka, pale mbele naona kama kuna lori, sasa pengine ingefaa..."

Hakumaliza. Koplo aliliona gari jeupe alilojifunzia linamjia, akaona mama mtu mzima ndani yake, na bati hununuliwa, mtu hanunuliwi. Akakata usukani. Lori likapanda ukingo, likafagia kibanda cha mlinzi, ambaye kwa bahati yake njema na utovu wake wa nidhamu alikuwa amekwenda kununua sigara, kisha likalala ubavu. Hakuna aliyeumia. Lakini tarumbeta kubwa la shaba lililaliwa na lori likawa bapa kama sinia, na ngoma kubwa ilibingirika barabara nzima, ikaingia duka la vitanda, ikatulia juu ya godoro. Mama alivuka njia panda bila kugusa kitu, akaenda kusimama mbele kidogo, vizuri kabisa, na taa ya pembeni akawasha.

"Umeona lile linavyoendeshwa?" akamwambia Shemeji. "Watu wengine sijui leseni wanapewaje!"

Kesho yake jenerali alipokewa kwa filimbi moja na matoazi. Inasemekana alisimama ametoa saluti akingoja wimbo uanze, na alipozinduka aliambiwa umekwisha. Hapo ndipo jeshi lilipokasirika. Koplo akashtakiwa mbele ya mahakama ya jeshi kwa uzembe na kuharibu mali ya serikali. Akionekana ana hatia, avuliwe cheo, afungwe, na akitoka afukuzwe kazi. Alijitetea kwamba gari la mafunzo lilimkatia njia, lakini hakuwa na shahidi; mlinzi alikuwa kwenye sigara. Waliojua yaliyotokea ni wawili tu, na mmoja wao alikuwa anauhadithia mtaa mzima jinsi lori lilivyomtokea kama mwizi.

Hati ya wito ya kwanza ililetwa na sajenti mrefu wa polisi wa jeshi, juu ya pikipiki iliyong'aa kuliko sahani zetu. Nilikuwepo. Karatasi ilisema Shemeji anatakiwa kufika mbele ya mahakama ya jeshi kutoa ushahidi, na akikaidi bila sababu ya msingi atachukuliwa hatua za kisheria. Akasaini.

"Nini hiyo, baba?" Mama akauliza kutoka barazani.

"Matangazo tu, Mama."

Karatasi ikakunjwa, ikaingia kwenye kisanduku cha gari, na yeye akaingia kwa kinyozi, nami nyuma yake. Mtaani kwetu mtu akiwa na jambo la sheria haendi kwa wakili, anakwenda kwa kinyozi, kwa sababu pale anajibiwa hapo hapo na kuondoka amependeza.

"Raia ni raia," kinyozi akatoa hukumu, wembe hewani. "Wewe umeapa kwao? Umepiga kwata? Umewahi kuvaa buti zao? Mwanajeshi akiitwa asiende, hilo kosa. Raia akiitwa na jeshi, huo ni mwaliko, kama wa harusi. Unaweza usiende, ukatuma salamu."

Waliokuwa wanangoja zamu wakaitikia kwa vichwa, na aliyekuwa kitini akaitikia pia, mpaka kinyozi akamkemea atulie asije akakatwa sikio.

"Shemeji," nikamwambia, "mwaliko gani wa harusi unaotaja hatua za kisheria?"

"Inategemea harusi ya nani," akanijibu. Alikuwa ameshapata alichokitaka kusikia, na mtu akishapata hicho hata umpigie ngoma ile ya jeshi hasikii.

Siku ya kesi alimpeleka mwanafunzi mmoja upande wa pili wa mji kujifunza kupanda kilima. Mahakama ilimngoja, ikachoka, ikaahirisha.

Sajenti aliporudi na hati ya pili, Shemeji alisikia pikipiki ikiingia uani, akajitupa chini ya gari kama panya. Viatu tu ndivyo vilivyobaki nje. Sajenti akaja, akachuchumaa.

"Mwalimu."

"Hayupo," gari likajibu.

"Na hivi viatu?"

"Ni vyake. Ameviacha."

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya nguo, ikabidi niing'ate kanga nisicheke. Sajenti akaisukuma hati ya pili chini ya gari taratibu. Lakini hakuondoka.

"Basi sikiliza, mwalimu ambaye hayupo," akasema kwa upole. "Yule koplo yuko mahabusu ya kambi tangu ajali. Mkewe kajifungua, na mtoto wake hajambeba hata mara moja. Kila nikipita ananiuliza, 'Mwalimu wangu atakuja?' Namwambia atakuja. Sasa mimi sipendi kuitwa mwongo."

Pikipiki ikaondoka. Shemeji alibaki chini ya gari mpaka chakula kikapoa, na alipotoka uso wake ulikuwa na grisi na machozi, vimechanganyika. Ndipo aliponivuta nyuma ya nyumba, akanieleza kila kitu kwa sauti ya kunong'ona: kikapu, lori, sentensi isiyokwisha.

"Nikisema kweli," akasema, "nitakuwa nimesimama mbele ya watu kumkosesha mkwe wangu. Nitamtazamaje? Tutakaa wapi? Nikisema uongo, kijana wangu anafungwa. Ila nisipokwenda, sijasema kitu."

"Usipokwenda ndiyo anafungwa vilevile, Shemeji. Tena kimyakimya."

Akajipangusa grisi usoni kwa kiganja.

"Mwambie Mama sasa hivi. Yuko hapo barazani."

"Nianzeje?"

Nami, kwa ulimi wangu wote huu, sikuwa na la kumshauri. Mwaka mmoja nilimwambia Mama kilemba chake kipya hakimkai vizuri, na hadi leo akikivaa ananiuliza mbele ya wageni kama leo kimemkaa vizuri. Nilimhurumia Shemeji, lakini nilikuwa nimemkasirikia pia, na kwa sababu hiyo sikula kwake siku ile. Nilirudi kesho yake.

Hati ya pili nayo ikapita bila kuitikiwa, na safari hii hakuja sajenti. Alikuja polisi wa kawaida, mnene, amechoka, kwa miguu, kwa sababu gari la kituo halikuwa na mafuta. Alikuwa na hati ya kukamata. Alimkuta Shemeji barabarani, ndani ya gari, na mwanafunzi wake, mwuguzi mmoja ambaye tangu aanze masomo hajawahi kuvuka gia ya kwanza.

"Uko chini ya ulinzi," polisi akasema dirishani, akipepesuka kwa jua. "Twende mahakamani."

"Tunakwendaje?"

Polisi akalitazama jua, akalitazama gari. Akaingia kiti cha nyuma.

Hivyo ndivyo mwuguzi alivyomwendesha mwalimu wake kwenda kushtakiwa. Magari yaliwapita, baiskeli ziliwapita, na bibi mmoja mwenye mzigo kichwani aliwapita akawasubiri wavuke. Kila mwuguzi alipokaribia kitu, Shemeji alipiga "Breki!" kwa sauti yake halisi, na polisi kule nyuma alikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Kofia yake iliruka dirishani, ikabidi wasimame, na mwuguzi akafaidika kwa somo la kuegesha. Baada ya kukemewa mara ya tatu kwamba anasogeasogea na kumziba mwanafunzi kioo, polisi akauliza kwa unyonge, "Samahani, hivi hapa aliyekamatwa ni nani?"

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Sisi tulikuwa tumeshapata habari, tukajaa benchi la nyuma: dada yangu, mimi, na Mama na kikapu chake mapajani.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Kwa ajili ya mahakama ya jeshi, Mheshimiwa. Lakini mimi ni raia."

"Ndiyo maana umeletwa kwangu," hakimu akasema. "Wao hawawezi kukufunga wewe. Wananiandikia mimi, na mimi ndiye ninayekufunga. Raia akikaidi wito wao, kwa sheria yetu ni kama amekaidi wangu: faini, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili kwa mpigo. Wewe nani alikwambia si lazima uende?"

"Kinyozi, Mheshimiwa."

"Kinyozi wako ni wakili?"

"Hapana, ila ananyoa mawakili."

Karani aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Hakimu hakucheka.

"Sababu yako ya kutokwenda ni ipi?"

Shemeji akageuka kidogo, akamwona Mama. Mama akampungia mkono wa kumtia moyo.

"Shughuli za kifamilia, Mheshimiwa."

"Kesho utakwenda kutoa ushahidi," hakimu akasema. "Ukimaliza, utarudi siku nitakayokupangia nikupe adhabu yako, na ukubwa wake utategemea kesho. Na usipokwenda, usihangaike kujificha chini ya gari. Nimeandikiwa na hilo."

Njiani Mama alimsema hadi tukafika. "Kataa neno, usikatae wito! Wewe ungekwenda, ukawaambia sina la kusema, ukarudi zako. Unaogopa bunduki, baba? Usiogope. Kesho nakuja, nitakaa mbele kabisa, unione."

"Mama, jua kali, usijisumbue..."

"Hakuna usumbufu."

Dada yangu alinitazama, nami nikatazama nje.

Mahakama ya jeshi ilikuwa ukumbi mrefu wenye feni moja inayozunguka kwa kukumbushwa. Maofisa watatu walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, katikati yao kanali, ambaye ndiye mwenyekiti. Pembeni vilipangwa vielelezo: tarumbeta lililokuwa bapa, ngoma kubwa yenye tundu, na godoro la watu. Koplo alisimama bila mkanda, amekonda, suruali kaishika kwa kiganja. Alipomwona Shemeji anaingia alisimama wima zaidi, akatabasamu kama mtoto aliyekuja kuchukuliwa shuleni. Nadhani ni tabasamu lile lililommaliza Shemeji.

Mama alikaa mstari wa mbele.

"Shahidi," kanali akasema, "nani alikuwa anaendesha gari lako?"

Feni ikazunguka, ikapumzika.

"Mheshimiwa," Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo jinsi nisivyowahi kuisikia, "alikuwa mama mkwe wangu. Koplo hana kosa. Yeye alikuwa na haki ya kupita. Sisi tulitakiwa kusimama na hatukusimama. Angetugonga. Alichagua kugonga kibanda."

Watu wakaguna. Sikuthubutu kumtazama Mama. Nilitazama kikapu chake, nacho kilikuwa kimetulia.

"Wewe ni mwalimu," kanali akasema. "Hukumwambia asimame?"

"Nilimwambia, Mheshimiwa."

"Kwa maneno gani? Yarudie."

Shemeji akakohoa. "Nilisema: Mama, samahani, sina maana ya kukuharakisha, na leo unaendesha vizuri sana, lakini kama miguu haijachoka, pale mbele naona kama kuna lori, sasa pengine ingefaa... Hapo ndipo nilipofika."

Kanali aliweka kalamu chini. "Maneno yote hayo, lori likiwa wapi?"

"Nilipoanza lilikuwa mbali, Mheshimiwa. Nilipofika kwenye miguu, lilikuwa karibu."

Kule nyuma askari mmoja alitoa sauti kama tairi linalotoboka, akatolewa nje. Kapteni aliyekuwa anaendesha mashtaka akasimama. "Gari lako si lina breki upande wa mwalimu? Kwa nini hukuikanyaga?"

"Juu yake kulikuwa na kikapu."

"Cha nani?"

"Cha mkwe wangu."

"Ndani kulikuwa na nini kizito hivyo?"

"Sikuangalia. Ni kikapu cha mkwe."

Meja kijana aliyekaa kulia kwa kanali hakuweza kuvumilia. "Lakini si ungekisukuma tu kwa mguu?"

Ukumbi mzima ulimtazama. Kanali akamgeukia taratibu. "Meja, umeoa?"

"Bado, afande."

"Basi kaa kimya."

Ndipo Mama aliposimama. Hakuna aliyemruhusu, na hakuna aliyejaribu kumzuia. Alisimama kama anavyosimama akigundua kuwa sukari imekwisha na hakuna aliyemwambia.

"Naomba niulize," akasema. "Kwa hiyo ni mimi?"

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake, vile vile alivyokuwa ameviacha nje ya gari. Kapteni alipangusa vumbi kwenye tarumbeta. Kanali, mtu ambaye nina hakika ameshakabili mizinga, alianza kuitafuta miwani yake mezani, na alikuwa ameivaa.

Mama akaelewa. Akamgeukia koplo. "Mwanangu," akasema, "nisamehe. Mtaa mzima nimekutangaza mwizi." Koplo akataka kupiga saluti, akakumbuka suruali, akainamisha kichwa tu. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Koplo aliachiwa siku ile ile. Kanali alitangaza hana hatia, ila akamkaripia kwa kutoifunga ngoma kamba, kwa sababu ilikuwa lazima mtu akaripiwe. Sajenti alimpa mkanda wake, akampeleka nyumbani kwa pikipiki, na wanasema walikwenda mbio kuliko sheria inavyoruhusu.

Kwetu sisi ndiyo kwanza mashaka yalianza. Mama hakugomba. Afadhali angegomba! Alikula, aliitikia salamu, alifuta vumbi gari la Baba, lakini neno "baba" alikuwa amelificha. Alimwita Shemeji "wewe". Shemeji alikonda kuliko koplo. Dada yangu alianza kuulizia kwa siri vyumba vya kupanga, na kila alichokiona alirudi akilia.

Siku ya adhabu Mama alitoka amevaa kilemba kile, akachukua kikapu, akaingia garini. Mahakamani hakimu alisoma barua ya kanali, iliyosema kwamba shahidi alichelewa kuitikia lakini alipoitikia alimwokoa asiye na hatia. Akampiga faini badala ya kifungo, akamwonya kwamba mara nyingine hapatakuwa na barua. "Na kinyozi wako," akamalizia, "mwambie aendelee kunyoa."

Mama alifungua kikapu, akalipa faini kabla Shemeji hajatia mkono mfukoni. Tulipotoka nje, kwenye ua wa mahakama, alimsimamisha kando ya gari.

"Mimi sina hasira kwa sababu ulisema," akamwambia. "Nina hasira kwa sababu ulinyamaza. Mtoto wa mwenzangu anafungwa kwa ajili ya mguu wangu, na wewe kila asubuhi unakuja kunisalimia tu! Heshima gani hiyo, ya kuniacha nigonge jeshi?"

"Mama, samahani, sikuwa na maana ya..."

"Nipe ufunguo."

Akampa. Mama akaketi kwenye usukani, akaweka kikapu palepale pake, miguuni pa mkwewe. Dada yangu na mimi tukapanda nyuma, kila mmoja ameshika mlango. Mama akawasha, akatia gia ya nyuma, akaangalia mbele, akaanza kurudi.

Nyuma yetu hakimu alikuwa anavuka ua, mafaili kifuani, akisoma huku anatembea.

Shemeji alimwona kwenye kioo. "Mama," akaanza, "samahani, kama..." Nikafumba macho.

"BREKI!"

Sijawahi kuisikia kwa ukaribu ule. Dada yangu anasema sikio lake moja bado linalia. Polisi mnene aliyekuwa mlangoni aliinua mikono juu. Karani alisimama mguu mmoja hewani. Hakimu mwenyewe aliganda, faili moja likateleza likaanguka. Na Mama akakanyaga. Gari lilisimama, kikapu kikapiga goti la Shemeji, na hakimu akatutazama juu ya miwani yake, akaokota faili lake, akapita.

Shemeji alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyetukana msibani.

Mama akazima injini. Akamgeukia mkwewe. Kisha akainama, akakitoa kikapu miguuni pake, akanipa mimi kule nyuma.

"Shika hiki," akaniambia. Halafu akawasha gari tena. "Haya, baba. Tuendelee."